Monita ya 144 au 240 kwa i5 ya zamani na GTX 1650? Ngoja nikwambie yaliyonikuta

Mkuu umesema una Dell ya ofisini, i5 kizazi cha 6, umeweka kadi ya grafiki ya GTX 1650 ile fupi, unacheza gemu za kulenga na kupiga risasi, Valorant na CS2, na umekwama kati ya monita mbili: mtumba wa inchi 24 wa 144Hz, na mpya iliyopinda ya inchi 27 ya 240Hz ambayo bei yake ni karibu mara mbili. Chukua ya 144. Nakwambia hivyo kwa sababu nilianza na mashine kama hiyo hiyo yako, nimeshanunua monita tatu mpaka leo, na ile ya kwanza iliniuma sana.

Anza na hesabu. Hezi (Hz) ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde. Kwenye 60Hz kinabadilisha kila baada ya milisekunde 16.7, kwenye 144 ni 6.9, kwenye 240 ni 4.2. Kwa hiyo ukitoka 60 kwenda 144 umepunguza karibu milisekunde 10 nzima, ila ukitoka 144 kwenda 240 hazifiki hata 3, na hizo 3 ndo unazolipia hela yote ile ya juu. Kuna rafiki yangu ana 240 na kadi kali, siku moja tukajaribu, yeye anabadilisha setingi mimi nimegeuka ukutani, nikigeuka nazungusha mshale wa mausi kwenye kioo alafu nataja. 60 na 144 sikukosea hata mara moja, maana kwenye 60 mshale unaonekana vipande vipande na kwenye 144 unateleza. Tulipofika 144 na 240, mara kumi nikapata sita. Wapo wanaoiona, hasa wale wa mashindano wanaoshinda humo kutwa nzima, sibishi, lakini kwa mimi na wewe tunaocheza usiku baada ya kazi hiyo hela ina sehemu nyingine ya kwenda.

Na hata ungeiona, mashine yako haitoi fremu 240, yaani picha 240 kwa sekunde. Mimi kwenye i5 kama yako na 1650, Valorant ilikuwa inapiga 150 mpaka 180 ukiwa umetulia, ila watu wakiingia wote saiti, pale pa kutega bomu, na moshi na makorokoro yao inashuka mpaka 110, CS2 ndo kabisa ilikuwa inashuka chini ya 80. Sasa hapo ndo pa kuangalia, usiangalie namba ya juu ukiwa umesimama peke yako kwenye mazoezi, angalia inashuka mpaka wapi pale unapopigana, kwa sababu pale ndo unapokufa. Hiyo tofauti ya hela angalia kwanza RAM, kama una kijiti kimoja cha 8GB ongeza cha pili kinachofanana nacho. Mimi nilipoweka viwili ile kushuka kwa ghafla ilipungua sana, na kijiti cha mtumba sio bei.

Sasa hiyo iliyopinda. Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Monita zilizopinda za bei nafuu nyingi ni paneli (kioo chenyewe cha ndani) ya aina ya VA, na ya kwangu ya kwanza ilikuwa VA. Dukani ilipendeza mno, nyeusi yake ni nyeusi kweli kweli, wameweka video ya maua na samaki, nikalipa nikaondoka nayo nikiwa na furaha. Usiku nafungua GTA V, niko nje ya mji, giza, nageuza kamera haraka, nikaona kila mti mweusi unaburuza mkia nyuma yake kama wino uliopitishwa kidole kabla haujakauka. Nikadhani kadi, nikabadilisha draiva, nikabadilisha waya, wapi. Ni paneli yenyewe, VA nyingi za bei hiyo pikseli zake zinachelewa kutoka kwenye nyeusi kwenda kijivu, na kwenye gemu ya kulenga adui mara nyingi yuko kwenye kona yenye giza. Yaani unakuwa na hezi nyingi zinazokuonyesha ukungu. Nilikaa nayo miezi minne nikaiuza kwa hasara. Zipo VA nzuri siku hizi ila sio za bei hiyo, kwa hiyo tafuta paneli ya aina ya IPS. Aina ya tatu, TN, nayo ina kasi, monita nyingi za mwanzo za 144 zilikuwa TN, ila ukiinamisha kichwa kidogo rangi zinafifia, kama ni ya kucheza tu na bei imeshuka sana chukua, kama unaangalizia na muvi na familia achana nayo.

Yale maandishi ya 1ms (milisekunde moja ya pikseli kubadilika) kwenye boksi usiyape uzito. Mara nyingi ni kipimo kilichochukuliwa ovadraivu, setingi ya monita ya kuharakisha pikseli, ikiwa imewekwa mwisho kabisa, na ukiiweka hapo unapata shida nyingine, kitu kinachotembea kinaachiwa mstari mweupe nyuma yake. Weka ya katikati. Nyingine hiyo 1ms inapatikana kwa kuwasha na kuzima taa ya kioo haraka haraka, mwanga unapungua, na mara nyingi ukiiwasha hiyo, FreeSync, ambayo naieleza hapo chini, inajizima.

Na FreeSync unaihitaji sana kuliko mtu mwenye mashine kali, kwa sababu fremu zako zinapanda na kushuka. Inafanya kioo kisubiri kadi, picha haikatiki katikati. Usiogope kwamba hiyo ni ya AMD na wewe una Nvidia, tangu Januari 2019 Nvidia walifungua kwa kadi za GTX 10 kuja juu, ila kwa kadi yako itumie kwa tundu na waya wa DisplayPort, kwenye HDMI usiitegemee.

Ambapo inatuleta kwenye waya, na hapa watu wanaumia kimya kimya. Hizo 144 za mtumba nyingi zina HDMI ya zamani inayoishia 120 au hata 60, 144 yenyewe iko kwenye DisplayPort, au DVI ile yenye pini zote. Na baadhi ya 1650 fupi hazina DisplayPort kabisa. Angalia nyuma ya kadi kabla hujatoa hela. Alafu chomeka kwenye kadi, sio kwenye tundu la mazabodi pale juu, hilo litakupa grafiki za prosesa na kadi yako italala tu. Ukishawasha, Windows inaweza kukuachia 60, ingia setingi za kioo, zile za ndani zaidi, uchague 144 kwa mkono.

Siku ya kwenda kununua beba laptopu yenye DisplayPort, au CPU yako yenyewe kama una usafiri. Muuzaji akikataa kujaribu, ondoka. Fungua testufo.com, ikuandikie hezi, fuata kwa macho kile chombo cha angani (UFO) kinachopita. Weka kioo cheupe chote, kisha cheusi chote, tafuta nukta zilizokufa. Alafu pandisha mwanga mpaka mwisho na uiache dakika kumi na tano, hii ni ya muhimu kwa sababu mtumba mara nyingi adapta yake imebadilishwa. Ya kwangu ya pili ilikuwa inazima kila nikipandisha mwanga kupita nusu, nikaipeleka kwa fundi, akageuza monita akasoma nyuma: inataka volti 19 na ampea 3 na kitu. Adapta niliyopewa dukani, volti 19 sawa, ampea 1.3. Tulibadilisha adapta tu, mpaka leo mdogo wangu anaitumia. Kama haina stendi usiiache, pima matundu ya nyuma, yakiwa sentimita 10 kwa 10 utapata mkono wa kufungia bila shida.

Inchi 27 kwenye 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) nayo siipendi kwa mtu anayekaa karibu na meza, herufi zinakuwa na meno meno. Ya 24 inatosha kabisa. Na kama una mpango wa kuchomeka na PS4, yenyewe haivuki 60, PS5 ndo inafika 120.

Piga picha nyuma ya kadi yako uitume hapa, na ile karatasi iliyobandikwa nyuma ya hiyo monita ya 144, nikuangalizie matundu na modeli kabla hujarudi kwa huyo muuzaji.