Usifunike taa kwa teipu: majibu kwa wenye magari ya zamani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wenye magari ya familia yaliyotimiza miaka 15, 20 na kuendelea. Nafurahi, maana gari la umri huo likitunzwa bado lina safari nyingi mbele yake. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi mnauliza habari za skrini, na aliyeuliza habari za mkanda wa kiti ni mmoja tu.

Gari langu ni la mwaka 2005, limetoka Japani. Redio inashika stesheni mbili tatu tu. Nataka kuing'oa niweke skrini kubwa ya kugusa. Fundi anasema lazima akate waya. Nimruhusu?

Usimruhusu. Kwanza, redio yako si mbovu. Redio za magari ya Japani za miaka ile hushika FM kati ya megahezi 76 na 90, wakati sehemu kubwa ya dunia inatumia 87.5 hadi 108. Unachoshika ni kile kipande kidogo kinachogusana, basi. Kuna kifaa kidogo kinaitwa ekspanda, kinakaa kati ya waya wa antena na redio na kushusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 20, stesheni ya 98 utaikuta kwenye 78. Soma kimeandikwa kinashusha kiasi gani, kwa sababu kila kimoja kinaacha kipande fulani nje. Chagua kwa kufuata stesheni unazosikiliza. Kama haja yako ilikuwa taarifa ya habari na muziki wa njiani, kazi imeishia hapo.

Bado unataka skrini? Pima tundu la redio kabla ya kununua. Kipimo cha kawaida ni upana wa milimita 180 kwa kimo cha 50 au 100, lakini Toyota nyingi zina tundu la upana wa 200. Kisha tafuta plagi ya kuunganishia ya aina ya gari lako: upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari, wa pili kwenye redio mpya. Hakuna waya unaokatwa, na redio ya zamani unaiweka nyumbani. Siku skrini ikifa, unairudisha ya zamani kwa nusu saa.

Kwenye plagi ya redio, waya wa njano ni umeme wa kudumu, wa kutunza kumbukumbu. Mwekundu unapata umeme ukiwasha swichi tu. Fundi mwenye haraka huiunganisha yote miwili kwenye umeme wa kudumu. Skrini hailali, na asubuhi betri imekufa. Niliwahi kufungua dashibodi ya gari la namna hiyo. Nyuma ya skrini nilikuta waya kumi na kitu zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa teipu ambayo gundi yake ilikwisha kuyeyuka. Mmoja ulikuwa umechubuka hadi shaba inaonekana, na ulikuwa unagusa chuma cha dashibodi kila gari linaporuka tuta. Mwenye gari alikuwa amenunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na betri hazikuwa na kosa. Gari likishazimwa na kutulia linatakiwa kuvuta umeme mdogo sana, miliampia 50 au chini ya hapo. Mwambie fundi apime kwa mita mbele yako kabla hujamlipa.

Na kama kwenye gari lako kiyoyozi kinaendeshwa kupitia skrini ya awali, iache hapo ilipo.

Kila nikiwasha gari, sauti ya mwanamke inasema maneno ya Kijapani. Injini ina tatizo?

Hapana. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Hicho ni kifaa cha kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, na nje ya Japani hakina kazi. Kitafute chini ya usukani au ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, uchomoe plagi yake. Nimesema uchomoe, sijasema ukate.

Saa na tarehe kwenye ramani ya gari zimerudi nyuma karibu miaka ishirini. Nikirekebisha zinarudi tena. Je, ninunue ramani mpya?

Saa yako inasomwa kutoka satelaiti za GPS. Mfumo huo huhesabu wiki kuanzia tarehe 6 Januari 1980, na vipokezi vya zamani vina nafasi ya kuhesabu wiki 1,024 tu, sawa na miaka 19 na miezi saba hivi. Zikijaa, hesabu inaanza sifuri. Ilijaa Agosti 1999, ikajaa tena Aprili 2019, na itajaa Novemba 2038. Baadhi ya watengenezaji waliweka mwanzo wao wenyewe wa kuhesabu, ndiyo maana Januari 2022 magari mengi yaliamka yakionyesha mwaka 2002. Programu mpya ya redio hiyo yenye ramani huondoa tatizo hilo kama mtengenezaji aliitoa. Kama hakuitoa, ukipata sehemu ya kuzima saa ya satelaiti kwenye mipangilio, izime na uweke kwa mkono.

Ramani mpya ya diski au kadi kwa gari la umri huo mimi siwezi kukushauri ununue. Simu yako ina ramani iliyo bora kuliko hiyo. Nunua kishikio imara, kikae chini ya usawa wa macho, na panga safari kabla gari halijaondoka.

Taa ya mfuko wa hewa (airbag) imewaka miaka miwili sasa. Gari linaenda vizuri. Fundi anasema ataitoa balbu ili isinisumbue. Ni sawa?

Nitajibu kwa kirefu, na naomba hata asiye na taa hii asome.

Taa ile ikiwaka na kubaki, kompyuta ya mifuko ya hewa imeona hitilafu kwenye mfumo wake, na mara nyingi ikiona hivyo hujifunga. Kwa hiyo kwa miaka miwili umeendesha gari ambalo likigonga, huenda hakuna mfuko utakaofunguka. Mitambo inayokaza mikanda ya mbele wakati wa ajali kwa kawaida imo kwenye mfumo huo huo, nayo huenda imelala. Gari "linaenda vizuri" kwa sababu injini haihusiki hapa hata kidogo.

Kuhusu balbu: nimewahi kuvua mita za dashibodi nikakuta kipande cha teipu nyeusi, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, kimebandikwa sawasawa juu ya alama hiyo. Mwenye gari alikuwa mama wa watoto watatu. Alilinunua akiambiwa halina shida yoyote. Nilimwita, nikamwonyesha ile teipu kwenye ncha ya kidole changu, na hakusema kitu kwa muda mrefu. Aliyeibandika alijua anachokificha.

Kwa hiyo unaponunua gari, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya mfuko wa hewa lazima iwake, ikae sekunde chache, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameigusa. Ikizimika sambamba na taa ya chaji pale tu injini inapowaka, yawezekana imeunganishwa na waya wa taa hiyo ili ikudanganye.

Sasa turudi kwako, kwa sababu huenda tatizo ni dogo. Inama utazame chini ya viti vya mbele. Waya na plagi za mfumo huu kwa kawaida zina rangi ya njano. Gari likioshwa zulia, au mtu akisukuma mzigo chini ya kiti, plagi hulegea. Kama honi na vitufe vya usukani navyo vimekufa, mshukiwa ni riboni ya usukani, ule waya bapa uliojizungusha nyuma ya usukani ili kupeleka umeme huku ukizunguka. Miaka ikienda hukatika. Tafuta mwenye mashine inayosoma sehemu ya mifuko ya hewa. Vile visomaji vidogo vya kuchomeka vingi husoma injini tu, halafu fundi anakwambia "haioni kitu".

Atakayeigusa achomoe kwanza betri upande wa hasi na asubiri dakika kadhaa, maana kompyuta hiyo hutunza umeme wa akiba. Asipime mfuko kwa mita ya ohmu. Mfuko wa hewa hufunguka kwa baruti, tena ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na fundi aliyeuinamia hatapata nafasi ya kukwepa.

Jambo la mwisho ambalo hukuuliza. Magari mengi ya miaka ya 2000 na ya mwanzoni mwa 2010 yalifungwa vipulizia, yaani vyombo vinavyoujaza mfuko wa hewa, vya kampuni ya Takata. Baruti yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha siku ya ajali chuma cha kipulizia hupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Marekani peke yake vipulizia takribani milioni 67 viliitwa virudishwe, na zaidi ya watu 20 wamekufa huko. Ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako uone kama limo. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ya tarakimu na herufi 17. Yana ya kwao fupi, na watengenezaji wa Japani wanaitambua. Fanya leo.

Na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Naongeza gesi ya AC kila baada ya miezi mitatu. Ni kawaida kwa gari la zamani?

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka mle mle. Ikipungua kila miezi mitatu, inavuja, na kila unapoongeza unalipia kuvuja kwake. Mwambie fundi atafute tundu: aweke rangi inayong'aa kwa taa maalumu, au ajaze naitrojeni na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Baada ya kuziba avute hewa na unyevu wote kwa pampu kwanza, ndipo apime gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye lebo chini ya boneti. Anayejaza kwa kugusa bomba kama limepoa anabahatisha.

Magari mengi ya tangu katikati ya miaka ya 1990 yanatumia gesi iitwayo R134a. Wapo wanaojaza gesi ya jamii ya ile ya kupikia kwa sababu bei yake ni rahisi. Inapoza, ndiyo, lakini inashika moto, na bomba lake linapita ndani ya dashibodi mbele ya magoti ya familia yako.

Kabla ya yote hayo, fungua kisanduku cha mbele ya abiria uvute filta ya hewa ya ndani. Wengi hawajui kama ipo. Nimetoa moja iliyojaa majani makavu na manyoya hadi upepo haukupita, na mwenyewe alikuwa ameshauziwa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC. Ibadilishe walau mara moja kwa mwaka. Maji ya AC yakidondoka chini ya gari ni sawa. Yakilowesha zulia la abiria, bomba la kutoa maji limeziba.

Fyuzi ya kiberiti cha sigara inaungua kila mara. Nimeweka ya 30 badala ya 15. Imetulia.

Itoe sasa hivi. Fyuzi ya bluu, yaani ya ampia 15, iliwekwa iungue kabla waya haujaungua. Ya kijani ya 30 itasubiri hadi waya ushike moto ndani ya dashibodi. Chungulia ndani ya tundu hilo. Sarafu au kipande cha karatasi ya sigara kilichoangukia humo hupiga shoti.

Taa za mbele zimekuwa za njano. Niweke balbu za LED?

Ukungu huo wa njano uko kwenye plastiki, na LED haitaupenya. Kinachotokea ni kwamba jua limekula ile tabaka ya kinga. Isugue kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800 hadi 2000, kisha polishi, kisha upake kinga mpya ya kuzuia jua. Dawa ya meno inang'arisha wiki chache tu kwa sababu haiachi kinga yoyote. Balbu ya LED kwenye taa iliyoundwa kwa balbu ya kawaida mara nyingi hutawanya mwanga ovyo, kwa sababu kioo cha ndani kilipangwa kufuata mahali uzi wa balbu ulipo. Unayekutana naye barabarani haoni kitu.

Mkanda wa kiti cha nyuma haurudi wenyewe.

Asante kwa kuuliza. Uvute wote hadi mwisho, uubane usirudi, uusugue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uache ukauke kabisa. Uchafu wa miaka ndio unaoukwamisha. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo, inadhoofisha nyuzi. Ukiwa umechanika pembeni, au ulishashika mtu kwenye ajali kubwa, badilisha wote.

Nimebadilisha betri, kioo cha dereva hakipandi kwa mguso mmoja tena.

Kimesahau mwisho wake. Kwa magari mengi, pandisha hadi juu na uendelee kushikilia kitufe sekunde chache. Kikiwa kizito, paka silikoni kwenye mpira. Usipake oili, inavimbisha mpira.

Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, kwa nje unafunguka. Loki imekufa?

Fungua mlango kwa nje, tazama ukingo wake karibu na loki. Kuna kiswichi kidogo chenye picha ya mtoto. Kisukume upande wa pili.