Usianze na pipa, anza na daftari la manunuzi

Wenye mikahawa, gereji na nyumba za wageni wakiniita niwasaidie kupunguza taka, kitu cha kwanza wanachoniuliza ni pipa: la rangi gani, la ukubwa gani, na nani atalitoa bure. Nawajibu kuwa pipa ni la mwisho. Kwanza nionyeshe daftari la manunuzi, na kama daftari huna, nieleze tu wiki hii umenunua nini na kila kitu kimeishia wapi. Chochote unachokwenda kukitupa jaani kiliingia mlangoni kwako kikiwa kimeshalipiwa.

Kazi hii naifanya kwa kujitolea pamoja na kamati ya mazingira ya shehia (mtaa) yetu huku Ng'ambo, mjini Zanzibar, na mara nyengine naitwa mashamba au Pemba. Nilichokiona ni kwamba ukimfuata mwenye banda la biashara na habari za kasa na matumbawe, atakuitikia kwa adabu na kuendelea na shughuli zake. Si kwamba hajali. Ameamka kabla ya adhana ya alfajiri na bado hajajua kama siku itamlipa. Lakini mwambie kuna pesa inayomwagika mtaroni kila usiku, hapo atakuvutia kiti.

Kuna mama mmoja anayekaanga bajia na kachori za urojo karibu na majumba ya Michenzani. Nilipofika mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, mimi manispaa nawalipa, taka waje wazichukue, basi." Tukakaa kupiga hesabu. Pesa yake nyingi ilikuwa ikienda kwenye mafuta ya kukaangia, na kila usiku alikuwa akimwaga karai zima kwa sababu mafuta yamekuwa meusi. Weusi ule kwa sehemu kubwa ni punje za unga zilizobaki chini zikaungua, na punje hizo ndizo zinazoharakisha mafuta kuharibika. Nilimshauri azitoe kwa kichujio kila anapomaliza mkaango mmoja, asiuache moto mpaka karai litoe moshi, ayachuje mafuta kwa kitambaa yakishapoa, kisha ayafunike. Yakianza kutoa povu, harufu kali, au moshi kabla hayajapata moto wa kutosha, hayo yamekwisha. Hayarudishwi karaini hata kwa kuchanganywa na mapya. Yanatiwa kwenye dumu na kupelekwa kwa wanaotengeneza sabuni. (Usijaribu kutengeneza sabuni mwenyewe kwa kubahatisha. Kostiki soda inaunguza ngozi na macho, na watoto wa jirani huwa hawako mbali.)

Mtaro wa pale sasa haunuki kama zamani, na mvua ikinyesha maji yanapita. Mtaro sikuutaja hata mara moja siku ile. Tulizungumza bei ya dumu la mafuta tu.

Gereji ndizo zinazoniumiza kichwa, na hapa nitakaa kidogo. Fundi anamwaga oili chafu chini, ardhi inainywa, na baada ya siku mbili hakuna anayeona kitu. Sasa tazama tunaishi juu ya nini. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye matundu na mapango, na maji tunayokunywa yanatoka chini ya mawe hayo hayo, kwa visima na chemchem. Mto mkubwa wa kutuokoa hatuna. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, linasema oili chafu ya kubadilisha mara moja tu kwenye gari moja, kiasi cha galoni, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji. Na si oili peke yake. Ikishazunguka ndani ya injini inabeba chembe za madini, baadhi yake sumu.

Hata hivyo hotuba hiyo simpi fundi mwanzo. Namuuliza: oili hii nani anaitaka? Wapo wanaoitafuta kwa kupaka nguzo na boriti zisiliwe na mchwa, na wapo wanaokusanya mapipa. (Kupaka nguzo mimi binafsi sikupendi, hasa uzio ukiwa karibu na kisima, lakini sijifanyi sikuoni.) Mnunuzi wa pipa ana sharti moja gumu: isichanganywe. Ukitia petroli, maji ya betri au dawa ya breki humo ndani, umeiharibu yote, na hapo hata bure haitachukuliwa. Kwa hiyo gereji inahitaji sahani pana ya bati ya kuweka chini ya injini, dumu lenye kifuniko lililoandikwa OILI CHAFU kwa herufi kubwa, mahali pa kuliweka chini ya paa ili mvua isilijaze, na gunia la maranda kutoka kwa seremala. Oili ikimwagika, mimina maranda, yaache yainywe, kisha yazoe. Usimwagie maji ya sabuni, maana hapo unaisukuma mbali zaidi tu. Betri mbovu zinauzwa zikiwa nzima na asidi yake ndani. Mtu akikwambia uimwage kwanza ili betri iwe nyepesi, mtafute mnunuzi mwengine.

Vijana wa gereji hushika mambo haya haraka kuliko wenye gereji. Mwanafunzi wa ufundi akipewa dumu liwe dhamana yake, na oili ikishauzwa pesa yake ikaingia kwenye chai ya wote, hutamkuta tena mtu anamwaga chini.

Plastiki nayo ina mengi ya kusemwa, lakini nitasema machache. Mifuko ya plastiki Zanzibar tuliipiga marufuku miaka mingi kabla ya Bara, ambako katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019. Vilivyobaki ni vidogo vidogo: vipakti vya ubuyu, barafu za mfuko, vikombe vya juisi, mirija. Washauri wengi hukimbilia kusema "tumieni karatasi". Mtu aliyewahi kufunga ubuyu kwa karatasi anajua mwisho wake: shira inapenya, karatasi inararuka, mteja analalamika. Mimi husema anza na kile kinachowezekana. Mteja wa dukani apimiwe kutoka kwenye chupa kubwa na aje na kopo lake. Pakti zibaki kwa yule anayepeleka mbali. Muuza juisi ya miwa awe na bilauri za kuosha kwa wanaokunywa pale pale, ambao ndio wengi. Halua yetu imefungwa kwenye vikapu vya ukili tangu zama za mabibi, na mgeni huona kile kikapu ni sehemu ya zawadi. Kwa bidhaa kavu kama karafuu, mdalasini na hiliki, ukili unafaa vile vile, na pesa yake inabaki kwa wasukaji wetu.

Wenye nyumba za wageni ukanda wa Paje na Jambiani wakiniuliza mfano, nawaambia waende Chumbe, kile kisiwa kidogo kusini-magharibi ya mji ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994. Vibanda vya wageni pale vinavuna maji ya mvua kutoka kwenye mapaa yake, vyoo vinageuza uchafu kuwa mboji badala ya kutumia maji, na maji ya kuogea yanapita kwenye kitalu cha mimea kabla ya kuiacha nyumba. Huwezi kuiga kila kitu. Kitalu cha mimea, lakini, kinawezekana hata kwa nyumba ya vyumba vitatu, ukiwa na kokoto, mchanga na mimea inayopenda unyevu. Na chupa za maji: weka dumu la lita 20 barazani, mgeni ajaze chupa yake, umtoze kidogo. Wageni wengi hata wanashukuru.

Upande wa taka zinazooza, ambazo kwa mikahawa ndizo nzito kuliko zote, ushauri wangu ni kuzitenga zikiwa bado safi. Maganda ya ndizi yakishachanganyika na vifuniko vya soda hakuna mkulima atakayeyataka. Kule maweni, ambako udongo ni haba, mboji ni mali. Changanya maganda na mabaki ya mboga na majani makavu au makapi ya miwa, makavu yazidi mabichi, geuza kila wiki, na ukifumba konzi moja iwe na unyevu bila kuchuruzika maji. Matumbo ya samaki yafukie katikati kabisa, vinginevyo paka wa mtaa mzima watakuhamia.

Kosa ninaloliona kwenye miradi ya jamii ni kutenganisha taka kabla ya kujua nani atazichukua. Watu wanapewa mifuko minne, wanatenga kwa bidii, kisha gari moja linakuja, linazoa zote pamoja na kuzipeleka jaani. Baada ya hapo huwezi kumshawishi mtu yeyote tena kutenga hata kijiti. Kwa hiyo mimi natafuta mnunuzi kwanza, hata awe mmoja, na tunatenga kile anachokitaka yeye tu. Pemba wanajua jambo hili zamani. Makonyo ya karafuu, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, yangeweza kuwa takataka tupu, lakini kwa kuwa kuna kiwanda Wawi, Chake Chake, kinachokamua mafuta yake, wakulima wanayaanika na kuyauza. Hakuna aliyewapigia kampeni.

Na sheha, kiongozi wa shehia, ashirikishwe mapema, kabla ya mtu wa manispaa na kabla ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA). Ukija na ofisa siku ya kwanza, kila mtu anaficha. Ofisa ana kazi yake, na sheria ya mazingira ya mwaka 2015 inampa nguvu, lakini aje watu wakiwa tayari wana dumu la kumwonyesha.

Mwisho ni wakati. Ramadhani usianze kitu, na hasa kumi la mwisho, maana kila mtu anahangaikia futari na nguo za Sikukuu. Masika nayo si wakati wa kujenga kitalu wala kuanzisha mboji, itaoza kwa maji. Kaskazi, kabla ya mvua kubwa za Machi, ndiyo nafasi nzuri: ardhi kavu, mitaro inafikika, na wageni wapo, kwa hiyo mwenye biashara ana pesa kidogo mkononi ya kununua kichujio na sahani ya bati.