Amboni na watoto likizo ya Juni: yaliyotukuta sisi wa Kigoma

Dada wa Mwanga, umeuliza kama watoto wa miaka sita na tisa watayaweza mapango ya Amboni likizo hii ya Juni, na kama baridi ya mle ndani haitawaumiza kifua. Niliwapeleka wangu wawili, umri huohuo.

Baridi isahau. Usiku treni ilipopita Tabora tulitetemeka, nikajua pangoni itakuwa zaidi, nikawavika masweta. Kumbe pango halina kipupwe: mwamba mnene hutunza joto la wastani wa mwaka mzima wa mahali pale, na Tanga ni pwani. Dakika kumi tu tumelowa jasho, masweta nimeyabeba mimi.

Kinachowashinda watoto ni giza. Mdogo amezoea umeme kukatika, lakini giza la Kigoma lina nyota, na ziwani kuna taa za wavuvi wa dagaa. Mwongozaji alipozima tochi ili tuonje giza lenyewe, mtoto alining'ang'ania mguu akalia mpaka mama yake akatoka naye. Kila mtoto awe na tochi yake, na mwombe mwongozaji mapema asizime. Penye vichochoro vya kuinama usiwahofie. Mkubwa alipita amesimama pale nilipochana suruali.

Huyo mkubwa aliuliza nani alichimba. Akaambiwa ni maji: mvua ikipenya udongoni hubeba kabonidayoksaidi, huwa na ukali kidogo, huyeyusha mawe ya chokaa polepole, kisha matone huiacha chokaa ileile ikining'inia darini. Basi akataka kuvunja kipande aje nacho Ujiji! Wakanye kabla hamjaingia. Hata sadaka mtakazoziona zimewekwa pembeni wasiziguse, watu hufanya matambiko mle.

Popo ni wengi. Kinyesi chao kikikauka hutoa vumbi baya kwa mapafu, hivyo mwenye pumu ningemwacha nje.

Usipange siku nzima. Ni kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, barabara ya Mombasa, na kati ya mapango kumi wageni hutembezwa moja tu.

Miguuni ni raba. Yeboyebo moja ya mdogo ilinasa kwenye tope, tukarudi hotelini nimembeba mgongoni, masweta mkononi.