Raba ziko chini ya kitanda

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni. Kila muhula ukianza naapa kufanya mazoezi. Naamka saa 11 alfajiri, nakimbia siku mbili tatu, kisha raba zinarudi chini ya kitanda. Nilijaribu jimu ya chuo, nikakuta vijana wamejazana mbele ya kioo, na mashine zenyewe sijui hata zinashikwa wapi. Nikajifanya nimepigiwa simu, nikatoka. Mwenzangu wa chumbani anasema mimi ni mvivu tu. Ni kweli?
Binti wa mwaka wa pili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Enzi zangu simu za mkononi hazikuwapo, kwa hiyo mimi nilijifanya nimesahau taulo, na taulo lilikuwa begani. Sikurudi mwaka mzima. Na nilikuwa nasomea ualimu wa michezo!

Mvivu haamki saa 11 alfajiri, hata siku moja. Ila nakuuliza, unalala saa ngapi? Kama unafunga daftari saa 7 usiku, umelala kwa muda wa saa nne tu, kisha unaudai mwili ukimbie. Halafu hizo siku mbili tatu zako nazijua. Asiyezoea akikimbia ghafla, misuli humuuma zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kwa hiyo unaacha pale pale maumivu yanapofika kileleni, kabla hayajaanza kupungua. Anza kwa kutembea haraka, ukimbie kidogo kidogo, na ufanye jioni, ukitoka kipindi cha mwisho, kabla hujafika chumbani. Ukishakaa kitandani, umekwisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Mwaka 2020 liliondoa sharti la zamani kwamba kila zoezi lifike angalau dakika 10. Maana yake hata ngazi unazopanda kwa haraka kuwahi kipindi zinahesabika. Majaribio yakija, basi, punguza, usiache.

Na ukikosa siku? Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2010 kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine siku 18, wengine hata 254. Kukosa siku moja hakukuwaharibia. Wewe ukikosa Jumatano unafuta muhula mzima.

Jimu iache kwa sasa. Ukiitaka baadaye, nenda saa ambayo haina watu, umwombe msimamizi akuonyeshe mashine mbili tu. Ndiyo kazi yake.

Mimi nilirudishwa na jirani wa bwenini aliyekosa mtu wa kurushiana mpira wa wavu. Alikuwa akigonga mlango kila jioni, nami nikaona haya kumwambia sitoki. Hakunihubiria afya hata mara moja.

Sasa huyo mwenzako anayekuita mvivu, yeye anafanya zoezi gani? Mwambie kesho jioni mtembee wote nusu saa. Akikataa, niandikie tena, nina neno naye.