Kabla ya Kutaabiri, Uliza Nani Anaota

Barazani Amu hakukosi bingwa wa filamu. Huyu atashikilia kuwa sanduku la buluu la filamu ya Mulholland Drive ni kaburi, yule ni jini, chai inapoa hakuna aliyekubali. Wote wameanza na kitu badala ya mwenye ndoto. Kisa cha Ibn Sirin, mtaabiri wa ndoto wa zamani, kinajulikana: watu wawili waliota wanaadhini, mmoja akatabiriwa kuhiji, mwenziwe akaonekana mwizi.

Tuchukue Mulholland Drive ya David Lynch (2001). Kama hujaitazama, ishia hapa.

Mwotaji hutajwa mapema, ila kimyakimya. Baada ya dansi ya mwanzo, kamera inashukia mto mwekundu, pumzi zasikika, uso hauonekani. Andika dakika hiyo. Takriban nusu saa kabla ya mwisho, bwana mmoja mwenye kofia pana anamwambia msichana kitandani kuwa wakati wa kuamka umefika. Anayeamka ni Diane. Betty, mwigizaji mwenye kipaji, na Rita asiyejua jina lake, tuliowafuata hadi hapo, walikuwa ndoto yake. Lynch alikataa kueleza, lakini tafsiri hii ndiyo inayobeba mzigo mwingi bila kupasuka.

Sasa rudia nusu saa ile, maana hapo ndipo watu hupotea. Diane yu macho, ila matukio yamechanganywa. Tazama meza ya sebuleni. Jirani akija kuchukua vyombo vyake, anaondoka na kisahani cha majivu chenye umbo la piano, na ufunguo wa buluu uko mezani. Muda mfupi baadaye Diane yuko kwenye kochi na mpenzi wake Camilla, na kisahani kile kipo! Basi hayo ni ya nyuma. Ufunguo nao ni ishara ya muuaji aliyekodiwa na Diane amuue Camilla, kwamba kazi imekwisha. Ukiuona mezani, Camilla ameshakufa. Ndotoni ufunguo huohuo umegeuka wa ajabu, na Camilla amegeuka Rita, aliyenusurika kifo na anayemhitaji Betty kwa kila kitu. Hiyo ni hatia, si jini.

Majina pia yamehama: mhudumu wa mkahawa ndotoni anaitwa Diane, macho wazi anaitwa Betty.

Usilazimishe kila uzi. Kazi hii ilianza kama kipindi cha kwanza cha tamthilia ya televisheni, kikakataliwa, ndipo ikageuzwa filamu. Wapelelezi wawili wa mwanzoni hawarudi tena, waache.

Na tafadhali, usitazame nakala iliyotiwa sauti na dijei. Kwenye ukumbi wa Silencio mpiga tarumbeta anaiondoa mdomoni na sauti inaendelea. Mwimbaji anaanguka, wimbo hauanguki. Ukisikia dijei juu yake, umekosa onyo kwamba ulichokisikia hakitoki unakodhani. Neno la mwisho la filamu nzima ni moja, linanong'onwa, maana yake kimya. Dijei hapo ameshaanza kuaga.