Jibu: Nakala za kurasa za albamu zenye vifungo na utepe

Dada, umeuliza kwa nini nakala za albamu uliyomtengenezea nyanya zinatoka na ukungu. Ni hivyo vifungo na utepe: vinainua ukurasa, na skana nyembamba huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Usiukandamize, gundi itaachia. Upige picha. Mimi hapa Kisumu huulaza sakafuni karibu na mlango asubuhi, kabla jua halijaingia ndani, simu ikiwa sambamba kabisa na karatasi. Flashi nazima, hung'aa vibaya kwenye plastiki. Kivuli chembamba cha kifungo kiache, kinapendeza sana!

Kurasa bapa za sentimita 30 hazitoshei skana ya A4. Ziskani vipande vipande kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), kisha uviunganishe kwenye programu ya picha. Chapa kwenye karatasi nzito isiyong'aa.