Draya kuukuu ikikataa kukausha, anza na upepo

Mvua zikishaanza Novemba hapa Mbeya, kamba ya nguo haina kazi mpaka Aprili au Mei. Unaanika asubuhi, mchana wingu limeshuka mlima Loleza, unaanua mbio. Wenzetu wa Tukuyu ndio usiseme, maana kwao hata pasiponyesha kuna ukungu. Kwa nyumba yenye mtoto wa nepi na wanafunzi wa sweta nzito, draya ni msaada mkubwa, na wengi wetu tunazo za mtumba, zilizokwisha kufanya kazi miaka mingi kwa watu wengine kabla ya kufika kwetu.

Yangu ni ya aina hiyo, na bado inadai. Nimeona kwangu na kwa majirani kwamba lawama nyingi zinazotupiwa koili ni za upepo. Draya inakausha kwa hewa: koili inaipasha moto, feni inaipitisha kwenye nguo, hewa inabeba unyevu na kutoka nao nje. Njia hiyo ikiziba, nguo zinatoka za moto na bado mbichi. Ukiona hivyo, usimpigie fundi kwanza.

Toa chujio la nyuzi, lile la mlangoni. Kulifuta kwa mkono kila baada ya kukausha ni lazima, lakini hakutoshi. Lipeleke bombani, limwagie maji. Yakipita moja kwa moja, liko sawa. Yakituama juu yake hata kama macho yanakwambia ni safi, ujue dawa ya kulainishia nguo imejenga utando usioonekana. Lisugue kwa mswaki wa zamani, sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha likauke kabisa kabla ya kulirudisha.

Halafu fuata bomba la nyuma. Chomoa plagi, vuta mashine mbele, fungua kibano. Jirani yangu wa Uyole alikuwa ameshaambiwa anunue koili mpya. Tulipovua bomba lake tukatoa bonge la nyuzi lenye urefu wa mkono, tabaka la rangi ya bluu ya sweta za shule, tabaka jeupe la mataulo, limeshikana kwa unyevu mpaka linasimama lenyewe. Upande wa nje ya ukuta, ndege walikuwa wameanza kiota. Baada ya usafi, ukiweka kiganja kwenye tundu la nje unasikia upepo wa nguvu, wa moto na wenye unyevu. Hicho ndicho kipimo, na hakina gharama. Bomba liwe fupi na lisijikunje nyuma ya mashine. Kama draya yako haina bomba ila ina tangi la maji, basi mara nyingi kuna sehemu ya chini inayochomoka: isuuze kwa maji ya bomba kwa utaratibu ule ule.

Luku nayo inaongea. Koili ya wati 2,300 ikiwaka saa nzima inakula uniti 2.3. Mzigo wa nguo uliozoea kuisha kwa saa moja ukianza kuchukua mbili, unalipia uzibe.

Sasa, ikiwa pipa linazunguka lakini hakuna joto kabisa, mara nyingi fyuzi ya joto imekatika. Hiki ni kifaa kidogo cha bei nafuu kinachojitoa mhanga hewa ikizidi moto. Hapa nina neno zito. Wapo mafundi wanaoiruka fyuzi hiyo na kuunga waya dairekti. Mashine itawaka, mteja atafurahi, na ulinzi wa moto umeondoka ndani ya nyumba yenye watoto. Zile nyuzi zinashika moto upesi sana. Mwambie fundi wazi kwamba hutaki dairekti, unataka fyuzi mpya, na bomba lisafishwe siku hiyo hiyo, la sivyo hiyo mpya nayo itakatika. Na koili ipimwe kwa mita kabla ya kuhukumiwa: ya wati 2,300 kwa volti 230 husoma karibu omu 23. Mita isiposoma kitu, hapo kweli imekufa.

Angalia na umeme wenyewe. Jioni watu wote wakiwasha majiko, volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, koili ile ile inatoa kama wati 1,400 tu. Mimi nakausha mchana. Plagi iingie kwenye soketi ya ukutani, si ekstensheni nyembamba. Ukiigusa baada ya kazi ikawa ya moto, soketi imelegea na ibadilishwe. Nguo za kufua kwa mkono zikamuliwe na watu wawili mpaka zisidondoshe tone. Ovaroli yenye oili au petroli isiingie humo kamwe, hata ikiwa imefuliwa. Na usiwashe draya ukaenda kanisani.

Kelele ni habari fupi. Mlio wa kukwaruza ni vigurudumu vya pipa vimekwisha. Mota ikinguruma bila pipa kuzunguka, chomoa plagi kwanza, kisha lizungushe kwa mkono: likiwa jepesi kupita kiasi mkanda umekatika, likiwa la kawaida shuku kapasita, na hiyo mwachie fundi kwa sababu inatunza umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Mkanda wa zamani usiutupe. Mgongoni una namba, mfano 1930H7, yaani urefu wa milimita 1,930 na matuta 7. Ipige picha, mtumie muuza spea wa Kariakoo kwa WhatsApp, naye atakuwekea mzigo kwenye basi la Mbeya.